Miguu ya Misumari

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimewapa majongoo wa beseni langu majani kabla ya kwenda shule. Majani ya mparachichi yaliyooza, ndiyo wanayopenda. Mabichi hawagusi. Nimehesabu: kumi na mmoja. Walikuwa kumi na wawili. Yule mkubwa mwenye kovu mgongoni haonekani. Ama amekufa chini ya udongo, ama amejichimbia ili ajivue ngozi. Wakijivua huwa weupe na laini, hata siafu mmoja anaweza kuwamaliza, kwa hiyo hujifungia chini mpaka wakauke. Sitafukua. Mwaka jana nilifukua kwa haraka zangu, nikaua mmoja.

Vidole vyangu vina madoa ya kahawia tena. Jongoo hang'ati. Ukimkera anatoa maji ubavuni, yananuka kama dawa ya kidonda, na doa halitoki kwa sabuni. Wanafunzi wangu wa darasa la tano wanasema Madame anakula jongoo. Nimewaacha wacheke, kisha nikawapa mmoja wahesabu miguu. Kifaransa kinamwita "miguu elfu", basi wathibitishe. Jozi mbili kila pingili, isipokuwa zile chache za mbele. Wamefika mia na kitu wakapotea. Nikawaambia kwamba hazaliwi nayo. Anatoka yaini na miguu sita kama mende, na kila akijivua anaongeza pingili na miguu. Hapo wameanza kuhesabu upya.

Mama Noella, mwenye nyumba, amesema nikiongeza wanyama wengine nitafute pengine pa kulala. Mwezi uliopita alisema hivyo hivyo.

Jumatano, 9 Oktoba

Baada ya masomo nimekaa kwa Mama Esperance hadi saa kumi na mbili. Kibanda chake kiko pembeni mwa barabara, malori yakipita meza inatetemeka. Anatengeneza redio na simu, na hapa Mubi hakuna fundi mwanaume anayemfikia. Wanajua, ndiyo maana hawamsalimii.

Mashine tunayoiunda kwa mfano wa jongoo inatembea. Pingili nane za bidoni, dumu la plastiki la njano. Kati ya pingili na pingili, mpira wa ndani wa baiskeli, ili mwili ujipinde wenyewe bila kuamriwa. Waya wa spidi wa pikipiki unapita katikati toka mkiani hadi kichwani. Mota ya waipa, ya lori lililoanguka mwaka juzi, inauzungusha. Kila pingili ina chuma kilichopinda kinachoinua miguu, na kila chuma kimechelewa kidogo kuliko cha nyuma yake. Wimbi linatoka nyuma linakwenda mbele, kama kwa jongoo mwenyewe. Hakuna mguu unaofikiri. Kichwani kuna kamera ya nyuma ya jeep, na kioo chake kidogo tunakishika sisi huku.

Niliona kwenye simu kwamba wazungu wameunda kitu kama hicho kwenye maabara. Nikasema, jongoo ninao, kilichobaki ni vyuma.

Mama Esperance ameuliza tena kitu hiki cha nini. Nimemjibu tena. Kila msimu wa mvua shimo linaanguka huko juu kwenye machimbo. Watu wanafia ndani na pengine palikuwa na upenyo wa kupitisha bomba la hewa, ila hakuna mkono mrefu wa kulipitisha. Mashine iingie na kamba nyembamba, waliomo ndani wavute kamba, kamba ivute bomba. Basi. Mdogo wangu Bauma yuko huko juu na nyundo kila siku. Sina sababu nyingine, na sioni haya kuiandika.

Miguu ya mpira inateleza kwenye tope. Hilo bado.

Jumamosi, 12 Oktoba

Bauma ameshuka. Amekuja na kuku, amekonda, anacheka. Ana jino jingine lililovunjika na hataki kusema lilivunjikaje.

Tumempigia mama. Yuko bado Kirolirwe, kwa ile familia ya wafugaji iliyompokea tulipokimbia shamba letu juu ya Kitshanga. Wanampa maziwa, anawalimia maharagwe. Tumeanza mimi na mama kumgombeza Bauma kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti yake, aache shimo. Amesogeza simu mbali na sikio.

"We na mama muko nyundo mbili ku ukuta moja," amesema. "Moja ikae, ao nyumba itatuangukia."

Ni kanuni yao ya huko shimoni. Timu mbili zikichimba kuelekeana, anayesikia nyundo ya mwenzake anaweka yake chini, anakaa, anangoja mwenzake atoboe. Nyundo mbili kwenye ukuta mmoja huangusha dari. Anasema Papa Deo, mkuu wa shimo lao, humfundisha mgeni hiyo kabla hata ya kumwonyesha pa kujisaidia. Mama amecheka mpaka akakohoa. Amekubali kunyamaza ili mimi niendelee, na mimi nikacheka pia.

Jioni nimemwonyesha mashine. Ameilaza chali, ameitazama miguu ikichezacheza hewani. Amesema ni nzuri, na kwamba kwenye shimo lao haifiki hata mita kumi. Nimekasirika. Amesema basi imtafutie mke.

Anarudi kesho. Nimemwuliza, huogopi? Amesema shamba letu lina wenyewe wengine sasa, na shimo angalau halimfukuzi mtu. Nimemwambia huo ni upuuzi. Bado ninaona ni upuuzi.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua tangu Jumapili. Majongoo wote wamepanda ukuta wa beseni, wameshikilia ukingo. Hawana mapafu. Wanapumua kwa matundu madogo yaliyo kando ya mwili, na udongo ukijaa maji matundu yanaziba. Wapande ama wafe. Nimemwaga maji, nimeweka udongo mkavu. Hawajashuka.

Simu ya Bauma haipatikani. Huko juu haipatikani siku zote, hata jua likiwaka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Shimo limeanguka. Jana alasiri. Mwendesha pikipiki ameleta habari sokoni, Mama Esperance amenifuata darasani, nimemwona mlangoni nikajua.

Wako watatu ndani. Bauma. Papa Alimasi, mzee wa timu, mwenyeji wa eneo letu hili la Walikale. Na Muhindo, aliyetoka Lubero mwaka huu. Wengine walikuwa nje wanakula.

Sijamwambia mama. Sijaomba ruhusa shuleni. Tumefunga mashine kwenye gunia, betri mbili za pikipiki, waya zote, kamba. Tunaondoka alfajiri, leo barabara haipitiki.

Ninaogopa. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Pikipiki mpaka inapoishia njia, kisha masaa mawili kwa mguu, tope hadi magotini. Mama Esperance ana miaka hamsini na mbili na amebeba betri kichwani. Hajalalamika mara moja.

Wako hai. Naandika kwanza hilo. Nyundo inasikika kutoka ndani. Sauti ya mtu haipiti kwenye mwamba ule, nyundo inapita. Wanachimba kujitoa.

Papa Deo ni mtu mfupi, macho mekundu, hajalala tangu Jumatano. Amenipa pole vizuri. Kisha akasema siwezi kupita mstari wa mawe. Mwanamke akifika mdomoni mwa shimo, madini yanakimbia. Nimemwambia ndugu yangu si madini. Amesema anajua, lakini wachimbaji wake wakimwona mwanamke pale wataacha kazi, na je, ninataka waache kazi? Nimekaa chini kijitoni na wanawake wanaoosha mchanga. Nina hasira ya kutafuna jiwe.

Wanaume wameichukua mashine. Wameirudisha baada ya saa moja, imejaa tope kama nguruwe. Upenyo upo, mkono mmoja kwa upana, ila miguu ya mpira inazunguka pale pale. Haikufika popote.

Nimeuliza kwa nini hawachimbi wao kutoka nje. Papa Deo amenitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyelala darasani.

"Bale ba ndani njo beko na nyundo, Madame. Sisi tunaikala. Tunatosha tope na mikono tu."

Haya. Nimeelewa, kanuni ya Bauma: wa ndani wanapiga, wa nje wanakaa. Wanatoa tope kimya kimya kwa ndoo.

Alasiri nimeikalia mashine. Nimekumbuka mguu wa jongoo chini ya lenzi. Hauishii kwa duara. Unaishia kwa ukucha, mmoja, umepinda. Ndiyo maana anapanda beseni la plastiki. Zaidi ya mwaka ninawatazama na nimeweka mpira. Mpumbavu. Wanawake wa kijitoni wamevunja sanduku la samaki wa chumvi, wamenipa misumari. Tumekata, tumekunja, tumefunga mmoja mmoja kwenye kila mguu. Tumeijaribu juu ya jiwe kubwa la kuoshea. Imepanda! Imegonga kama mvua ya mawe kwenye bati, Mama Esperance ameziba masikio akicheka. Wanawake wamepiga vigelegele.

Kesho itafika. Ninaamini.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekataa kuwapa mashine bila mimi. Nimekaa juu ya gunia. Papa Deo ameongea na watu wake, wamebishana, mwisho amesema mlima umeshakasirika tayari, mwanamke mmoja hataongeza kitu. Nimepita mstari wa mawe. Hakuna aliyenitazama usoni.

Nimeweka sikio kwenye mwamba. Tok, tok, tok. Kimya kidogo. Tok, tok. Nimesema ule ni mkono wa Bauma. Sina uhakika, ila nimeusema kwa sauti na hakuna aliyebisha. Papa Deo ameweka sikio pia. Amesema wamekaribia, sauti imebadilika, ukuta umekuwa mwembamba. Leo jioni ama kesho.

Mashine imeingia saa nne asubuhi. Kwenye kioo ni tope, jiwe, tope, mwanga wa taa unarukaruka. Misumari imeshika vizuri. Mita tano. Mita nane. Mita kumi, nikamkumbuka Bauma na maneno yake, nikacheka peke yangu. Mlio wake mle ndani ni mkubwa, unarudi kutoka pande zote.

Karibu na mita kumi na mbili nyundo ya ndani imenyamaza. Papa Deo amesema wanapumzika. Ni haki yao.

Mita kumi na nne imekutana na jiwe. Kuna nafasi juu yake, kichwa kinainuka, hakivuki. Nimeiacha isukume. Jongoo hukutana na udongo mgumu kila siku. Hana jembe, anainamisha kichwa na miguu yote inasukuma pamoja, polepole, hata siku nzima, mpaka kitu kisogee. Nimewaeleza hivyo wanaume. Nimewafundisha somo zima pale mdomoni mwa shimo, ninaona aibu kidogo.

Saa tisa. Ndani bado kimya. Papa Deo ametaka watu wake wachukue nyundo, kama wa ndani wamechoka basi wa nje waanze. Nimemsihi angoje. Nyundo zitaliangusha lile jiwe juu ya mashine, kamba itapotea, na zimebaki labda mita mbili. Angoje mpaka kesho tu. Amefikiri sana. Amenisikiliza. Nimemshukuru kwa mikono miwili.

Giza lilipoingia tumezima ili betri isiishe.

Jumapili, 20 Oktoba

Betri ya pili tangu saa kumi na mbili asubuhi. Inasukuma. Jiwe limesogea upana wa kidole.

Ndani kimya.

Wachimbaji wameimba wimbo wa ibada, bila kupiga makofi, kwa sababu ya dari. Mimi sikuimba, nilikuwa natazama kioo.

Saa nane Papa Deo amesema imetosha. Tumeivuta nje kwa kamba. Miguu minne imekatika, nyingine inatembea tu kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wamechukua nyundo na nguzo za miti. Nimeshuka kijitoni. Siwezi kusikiliza.

Jumatatu, 21 Oktoba

Wametoboa saa tatu asubuhi.

Muhindo yu hai. Papa Alimasi amekufa. Bauma amekufa.

Jumatatu, baadaye

Niandike yote, nisije nikayapamba kesho.

Hakuna jeraha mwilini mwake. Hewa iliisha. Papa Alimasi huenda ni Jumapili asubuhi. Bauma alikuwa bado na joto kidogo kwapani. Muhindo alikuwa amelala chini kabisa, mdomo kwenye ufa wa upenyo.

Ukuta waliobakiza wao kutoka ndani ulikuwa toka kiwiko hadi ncha ya vidole. Papa Deo ameupima kwa mkono wake.

Nyundo zao zilikuwa chini ya ukuta. Hazikutupwa. Zimelazwa tatu, sambamba, patasi juu yake. Bauma na Papa Alimasi wameketi migongo ukutani upande wa pili, kama watu wanaongoja gari. Sijui kwa nini naandika habari za nyundo.

Jumatano, 23 Oktoba

Tumemzika Mubi. Wamembeba masaa mawili kwenye machela ya miti, wakipokezana, na Papa Deo hakukubali kupokewa. Wanafunzi wangu walikuja na sare. Hakuna aliyecheka madoa yangu.

Mama hawezi kufika. Barabara toka Kirolirwe si ya kupita sasa, na wenyeji wake wamemkataza hata kujaribu. Alisikiliza mazishi kwa simu. Mama Esperance aliishika simu juu, karibu na kaburi, ili asikie udongo.

Kabla ya hapo Papa Deo alikuwa ameongea naye. Alitaka kumfariji. Alimwambia mashine ya binti yake ndiyo iliyomfikia Bauma kwanza, kabla ya mtu yeyote. Kisha mama aliomba kuongea nami. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Aksanti, mutoto wangu. Hakukufa peke yake. Ulikuwa umemutumia kintu."

Nimeitika. Nimelia mpaka pua ikatoka damu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimekwenda kumwona Muhindo kwenye kituo cha afya. Amelala, midomo imepasuka, anaongea polepole. Alitaka kunieleza siku za mwisho. Sikumwuliza. Alianza mwenyewe.

"Madame, tulikuwa tunakaribia. Tulibakisha kidogo, kidogo kabisa. Kisha tukabasikia. Nyundo mingi! Ndogo-ndogo, mingi, sawa batu makumi. Papa Alimasi akalia na furaha. Kaka Bauma akasema, muweke nyundo chini, beko wanakuja, tusiangushe dari. Tukaweka chini. Tukaikala."

Akanywa maji kidogo.

"Magaribi bakaacha. Tukasema, banaenda kulala. Kaka Bauma akasema, tungoje, ukuta iko yabo sasa. Asubui njo bakaanza tena. Wakati nilitaka kusimama, nguvu haiko tena."

Kisha akaniuliza ni timu gani ile. Nyundo ndogo vile, nyingi vile. Hajawahi kusikia watu wachimbe hivyo. Angependa kuwashukuru.

Nimemwambia ni watu wa Papa Deo.

Nimetoka nje. Nimetapika nyuma ya kituo, kwenye majani ya viazi vitamu. Muuguzi ameniletea maji.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni

Nilijua kanuni. Bauma aliniambia mezani kwangu, akiwa na mfupa wa kuku mkononi. Papa Deo aliniambia tena Ijumaa. Nikaandika humu kwamba nimeelewa.

Ningeacha miguu ya mpira, isiyogonga kama nyundo, wangetoka Jumamosi jioni kwa mikono yao wenyewe. Ningekaa Mubi wangetoka. Ningemwacha Papa Deo achukue nyundo saa tisa, pengine Bauma angetoka. Naweza kuipanga kwa namna yoyote, mwisho wake nipo mimi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Papa Deo ameteremka Mubi kununua betri za tochi. Nimemngoja kwa Mama Esperance. Nimemweleza yote, alichosema Muhindo, nyundo zilizolazwa, misumari. Nimeeleza kwa mpangilio, kama ubaoni. Mama Esperance ameacha kazi yake, chuma cha kulehemu kimeunguza meza.

Papa Deo hakushangaa. Aliziona nyundo zile Jumatatu, alijua palepale. Anasema mchimbaji halazi nyundo vile kama hajasikia mwenzake. Amekaa na jambo hilo wiki nzima.

"Mimi nilikuwa pale, Madame. Masikio iko yangu. Wakati nyundo yabo ilinyamaza, mimi njo ningejua. Miaka makumi mbili niko mu shimo. Nikaangalia kioo yako."

Nilitaka anitukane. Ningeweza kubeba matusi. Amechukua betri zake, akafika barabarani, akarudi. Amesema nisimwambie mama. Kisha akasema hata yeye hatamwambia mke wa Papa Alimasi, na hajui kama anafanya vizuri.

Nimeng'oa misumari yote usiku wa leo. Mama Esperance ameomba mota, nimempa.

Jumapili, 3 Novemba

Mama amepiga simu baada ya ibada. Ng'ombe mmoja wa wenyeji wake amezaa. Maharagwe yametoka vizuri, mvua imepungua. Ameniuliza habari za mashine, kama imepona miguu yake. Nimesema imepumzika. Amesema niitunze, imemwona mtoto wake. Nimesema ndiyo, mama. Sijamwambia.

Yule jongoo mkubwa ametoka. Alikuwa hai muda wote huo. Ana kovu lile lile mgongoni, limefifia. Hana tena ngozi ya zamani, huila wenyewe kule chini. Nimemhesabu wa kumi na mbili.

Nimelibeba beseni hadi mwisho wa mashamba, pale msitu unapoanza. Nimelilaza ubavu kwenye majani. Wametoka mmoja mmoja, bila haraka. Mkubwa amepita juu ya jiwe tambarare, miguu yote ikienda, wimbi baada ya wimbi.

Nimepiga magoti. Nimeweka sikio kwenye jiwe. Miguu yake haikutoa sauti yoyote.